Mbuzi wa Dodoma Hakuni Nazi

Ubao umeandikwa kwa chaki: WALI NAZI, SAMAKI WA KUPAKA, PILAU LA PWANI. Umeegemezwa kwenye mwarobaini nje ya banda la mabati, mitaa michache kutoka soko la Majengo, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane umeshafuta nusu ya neno "samaki". Mimi ni mtoto wa Bagamoyo. Mwaka 2017 ofisi ilipofungasha mafaili kuja makao makuu, nami nikafungashwa pamoja nayo. Tangu hapo kila nikiona neno "pwani" kwenye ubao wa chakula miguu yangu hupinda yenyewe.

Sahani ikaja. Tonge la kwanza likanitosha kujua. Tui lile halikutoka kwenye nazi iliyovunjwa asubuhi. Lilitoka kwenye pakiti, ule unga unaokorogwa kwa maji moto na kuacha utamu wa mbali kama wa sabuni ya mtoto. Samaki wa kupaka alikuwa perege wa Mtera, mtamu kwa haki yake, ila alivalishwa mchuzi usio wake.

"Shikamoo mama," nikamwita mwenye banda alipopita na birika. "Nazi hii umekuna mwenyewe?"

"Marahaba baba. Nazi ya kila siku nitaitoa wapi? Siku ikija ya Dar, nakuna. Leo ni ya unga."

"Mbuzi unayo?"

"Mbuzi wa hapa wapo wengi," akasema bila kucheka, "lakini hawakuni nazi. Wanaliwa."

Kesho yake nikarudi na kuagiza pilau, kwa nia mbaya nakiri: nilitaka kumaliza kesi. Kesi ikanigeukia. Mchele ulikuwa wa Bahi, umeiva punje mojamoja, rangi ya udongo wa kichuguu. Nyama ya mbuzi imekaangwa kwanza na vitunguu mpaka ikashika weusi pembeni, na mafuta yake yalikuwa samli. Samli ya kweli, yenye harufu ya zizi kwa mbali. Jira, iliki na pilipili manga vimekaa kila kimoja mahali pake. Nikala nikanyamaza. Kwetu watanisamehe, lakini pilau lile lilikuwa limefika Dodoma zamani, likajenga. Wali wa nazi ndio uliokuwa mgeni, bado amekalia begi lake.

Kwa nini kimoja kizoee na kingine kisizoee, ilhali vyote vimetoka jiko moja la uswahilini? Swali hilo likanitoa mjini. Nilichukua likizo ya siku tisa nikaifuata njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapanda Mpwapwa, ikakata Ugogo, ikapita Kilimatinde, ikafika Unyanyembe karibu na Tabora, na kuishia Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Tangu mwaka 2006 vituo vyake sita, Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, vimo kwenye orodha ya awali ya UNESCO kama njia ya watumwa na pembe za ndovu. Katika jina hilo hakuna chakula. Lakini watu wote waliopita pale, aliyefungwa na aliyefunga, ilibidi wale kitu jioni.

Mpwapwa unaifikia kwa kuacha lami kuu ya Morogoro pale Mbande na kupita Kongwa, kule Waingereza walikozika fedha zao kwenye mradi wa karanga kati ya 1947 na 1951. Mji umekaa chini ya milima, una maji, una vivuli, na ukishuka garini unaelewa mara moja kwa nini kila msafara ulitua hapa. Msafiri wa Kizungu, Stanley, alifika Mei 1871, miezi miwili baada ya kuondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi, na akamwacha hapo mwenzake Farquhar aliyekuwa mgonjwa. Huyo hakuondoka tena. Mbele yao kulikuwa na Chunyo, kijiji chenye maji ya chumvichumvi, na baada ya Chunyo nyika waliyoiita Marenga Mkali, maji machungu. Jina limepambwa: ukweli ni kwamba maji yenyewe, machungu au matamu, hayakuwapo.

Nilitembea kipande chake kwa mguu, saa mbili tu, na chupa mbili za maji ya dukani, nikajiona shujaa mpaka nilipokutana na kijana wa Kigogo anachunga ng'ombe hana hata kibuyu. Ni vichaka vya miiba vya rangi ya majivu na mibuyu imesimama mbalimbali kama watu waliogombana. Hapa ndipo misafara ilipolitumia neno ambalo tumelirithi tukalipotosha: telekeza. Msafiri mwingine, Burton, aliyepita mwaka 1857, alilisikia kwa masikio ya Kizungu akaandika *tirikeza*. Leo tunalijua kwa baba aliyeacha watoto na kwa mradi uliofikia kwenye lenta ukaota nyasi. Kwa watu wa msafara ulikuwa mwendo wa alasiri. Mnatua adhuhuri penye maji ya mwisho, mnapika, mnakula, mnajaza vibuyu, kisha mnatembea jua likipinda mpaka giza, mnalala pakavu bila moto wa kupikia, na kabla ya alfajiri mko njiani tena mkiyatafuta maji ya pili. Ukilitega sikio utasikia ndani yake *teleka*, kuinjika chungu motoni. Chungu ndicho kilichopanga safari, saa ya kuondoka na saa ya kulala. Nadhani hata lile kutelekeza kwetu kwa sasa kuna picha hiyo ndani yake: mafiga matatu yenye majivu ya moto, na wenyewe wameshaondoka.

Walichopika kilikuwa nini? Mpagazi alilipwa posho, na posho ya siku ilipimwa kwa kibaba cha nafaka au kwa kipande cha nguo cha kununulia nafaka kijijini. Nguo yenyewe ilikuwa kaniki ya India au merikani, pamba nyeupe ngumu iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja kwa meli za Salem. Ndiyo maana jina lake ni hilo. Ugogo walinunua mtama na uwele, maziwa, asali, samli, karanga. Na walilipa hongo. Kila mtemi aliyeshika kisima alishika njia, na Magomba wa Kanyenye, aliyewatoza Burton na baada yake Stanley, anasomeka katika vitabu vyao kama jambazi. Mimi namsoma kama mwenye maji. Msafara wa mamia ya watu ukitua kwenye kisima kimoja katika nchi inayopata mvua ya miezi mitano, kwa mwaka mzuri, unakunywa maji ya ng'ombe wa kijiji kizima. Nguo chache ni bei ndogo.

Kwa hiyo mpagazi Mnyamwezi alikula ugali wa mtama na alichopata cha kutowelea. Mchele ulikuwa wa mwenye msafara. Hapa ndipo nilipolipata jibu la kwanza, nikiwa nimekaa chini ya mbuyu natafuna biskuti. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha ratili 60 hadi 70, kichwani au begani, miezi mitatu. Fikiria wewe ni tajiri wa Kiswahili au Mwarabu kutoka Unguja, na unataka kula kama kwenu ukifika Unyanyembe. Nazi iliyofuliwa ina uzito wa nusu kilo na zaidi. Mpagazi mmoja angebeba kama 50, na kila wali wa watu kumi unazimeza mbili au tatu. Mtu mzima anatembea miezi mitatu kukuletea tui la wiki chache. Hesabu imekataa. Sasa chukua karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga na bizari: kifuko cha ngozi kinachojaa kiganja kinapikia mwezi, hakiozi, hakivunjiki, na mpagazi hatakiiba kwa sababu hakiliki kikavu. Viungo vilipita kwenye tundu la sindano la Marenga Mkali. Nazi ilikwama Bagamoyo.

Mchele wenyewe haukuhitaji kubebwa sana, maana ulipandwa hukohuko. Kisha nikafika Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, kwenye tembe alilokaa Stanley na baadaye Livingstone, aliyesubiri humo wapagazi kwa miezi kadhaa ya mwaka 1872. Mlango wake wa kuchongwa ungeweza kuwa wa nyumba ya mtaa wetu. Nje kuna miembe. Tabora nzima ni miembe, na ukiuliza asili yake utaambiwa ilitokana na kokwa zilizotupwa na watumwa njiani. Ni hadithi yenye uchungu unaoistahili njia hii, lakini mistari iliyonyooka kiasi kile hutokana na mtu aliyepanda akijua anataka kivuli. Aliyekuwa katika mnyororo hakupewa nafasi ya kuchagua pa kutema kokwa. Alielekea pwani akiwa na pembe begani, na pengine mtoto mgongoni, na chakula chake kilikuwa kile kilichobaki kwenye hesabu ya mwingine. Katika kila sahani ninayoizungumzia hapa kuna huyo mtu, na sina namna ya kumpika akaondoka.

Stanley alipoingia Unyanyembe tarehe 23 Juni 1871, liwali wa hapo, Said bin Salim, alimpokea, na sinia likaletwa. Said huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara wa Burton na Speke miaka 14 nyuma. Alikuwa anaijua njia na anajua mtu aliyetoka Ugogo ana njaa ya namna gani. Kwenye sinia, kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, kulikuwa na kilima cha wali, bakuli la mchuzi wa kuku wenye bizari, mikate ya ngano, vitu vya kukaanga vya moto ambavyo mimi naviita mandazi mpaka atokee wa kunipinga, mapapai, makomamanga na ndimu. Nyuma yake wakaswagwa ng'ombe, kondoo na mbuzi. Orodha ile nimeisoma mara tatu nikitafuta nazi. Hamna. Jiko la pwani lilikuwa limefika kilomita mia nane kutoka baharini, limevaa vizuri, limejipaka karafuu, na limeacha tui nyumbani. Stanley anaongeza kwamba kila mwaka Waarabu wa pale waliletewa kutoka pwani chai, kahawa, sukari na viungo. Vitu vikavu tena, vinavyostahimili kichwa cha mtu.

Nikiwa bado Tabora, mpwa wangu anayesoma Minnesota alinitumia picha. Ameingia na wenzake kwenye mgahawa wa Kikrioli, chakula cha Louisiana, na theluji imefika kwenye kizingiti. Bakuli lina mchuzi mzito wa hudhurungi, kamba wawili wanaelea, wali mweupe katikati. Chini ameandika: "Mjomba, si huu mlenda?"

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Chakula kile kinaitwa gumbo, na jina hilo wanaisimu wengi wanalirudisha kwenye neno la Kibantu la bamia, kutoka upande wa Angola, kwa watu waliovushwa Atlantiki kwa minyororo. Utelezi wa bamia ndio unaoukamata mchuzi. Pale New Orleans ukakutana na mapishi ya Wafaransa na Wahispania, na unga wa majani ya mti wa sassafras ambao Wachoctaw walikuwa wanautumia kabla yao wote. Pembeni vijijini walikuja wakulima wa Kifaransa waliofukuzwa na Waingereza kutoka Nova Scotia kuanzia mwaka 1755; hao ndio Wacajun, na chungu chao kina pilipili na soseji zaidi. Wana pia jambalaya, wali wa chungu kimoja, nyama na viungo vimepikwa humohumo, ambao mtu wa Bagamoyo angeuona angeuliza mbona pilau hili ni jekundu. Mpwa wangu alilalamika kwamba mwenye mgahawa si mtu wa Louisiana, kamba wametoka kwenye friji, na bamia ni za kopo. Nikamjibu kwamba mto Mississippi unaanzia jimboni kwake na kumwaga maji chini ya New Orleans, kwa hiyo alalamike polepole, asije akasikika mtoni. Ila nilimwelewa. Nami nilikuwa nimetoka kumsumbua mama wa watu kwa sababu ya pakiti ya unga wa nazi.

Na kuhusu mlenda, mpwa wangu hakuwa amekosea sana. Hapo ndipo palipo jibu la pili, nalo lilikuwa Dodoma muda wote. Wagogo hawakukaa wakisubiri pwani iwaletee mboga. Walikuwa na ugali wa uwele, mweusi kidogo, wenye ladha ya moshi, na mlenda unaovutika kama wino wa pweza, na penye sherehe nyama na maziwa ya mgando. Mlenda unachumwa mvua ikinyesha, unakaushwa, unasagwa, unawekwa. Ni mboga ya nchi inayojua kiangazi. Kazi ambayo tui linaifanya kwetu, ya kulainisha, kunenepesha na kuzungusha ladha mdomoni, karanga zilizotwangwa zinaifanya hapa. Mchicha wa nazi ulipopanda bara ulikuta kiti kimekaliwa. Pilau halikukuta mpinzani: mchele ulikuwa haba, ng'ombe na samli vilikuwapo, na viungo vilikuwa vigeni kabisa, kwa hiyo vikapewa chumba cha wageni, yaani sikukuu. Mpaka leo Dodoma pilau ni la harusi, Idi, Krismasi na ubarikio. Wapagazi walilibeba bila kulila. Vitukuu wao wanalipikia kwenye masufuria ya kukodi, kijiti cha mti kikiwa mwiko, na hakuna anayeliita la pwani isipokuwa sisi tunaoandika kwenye mbao.

Reli haikubadili hayo kwa kasi niliyoitarajia. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwa sababu ya milima iliikwepa Mpwapwa ikapita Gulwe, na mji uliokuwa mlango wa Ugogo ukajikuta uko kando, huku kituo cha katikati ya vichaka, Dodoma, kikigeuka mji. Wahindi wenye maduka wakaja na sambusa, bajia na chapati, na hizo hazikuhitaji kuombewa kibali. Nazi ikaanza kufika kwa gunia. Lakini ilifika kama bidhaa, yenye bei, ya kununuliwa siku ikipatikana, na jiko halijengwi juu ya kitu cha siku ikipatikana. Ilipoamuliwa mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa, na serikali ilipohama kweli tangu 2016, wakaja watu wa namna yangu na matumbo yao. Ubao wa chaki chini ya mwarobaini umeandikwa kwa ajili yetu. Mama yule ni mwenyeji wa Kondoa, alijifunza kupika Tanga alikokuwa mfanyakazi wa ndani, na anajua vizuri sana anachokiuza: hauzi wali, anauza nyumbani kwa mtu mwingine.

Niliporudi kutoka Tabora nilishuka kwanza Bagamoyo kusalimia. Kwa mama yangu, nyuma ya mlango wa jiko, kulikuwa na mbuzi mbili, zote za zamani, kibao kimenyonyoka kwa kukaliwa na ulimi wa chuma umechakaa meno. Nikaiomba moja. Akanipa pamoja na kifumbu cha ukindu na maneno mengi kuhusu tui la kwanza lisichemke. Nikaifunga kwenye khanga nikapanda treni ya umeme pale Dar es Salaam, ile iliyoanza kwenda Dodoma Julai 2024. Saa tatu na nusu hivi. Burton alitumia miezi. Mlinzi kwenye mashine ya ukaguzi alikifungua kifurushi, akautazama ule ulimi wenye meno, akanitazama mimi, akaita mwenzake. Nikaeleza. Yule wa pili alikuwa wa Lindi, akanipitisha akicheka.

Mama wa banda aliipokea kwa mikono miwili. Jumamosi ile nazi zilikuwapo, akaikalia mbuzi palepale barabarani, akavunja ya kwanza kwa mgongo wa panga, akakuna kwa mizunguko mifupi ya mtu ambaye mikono yake haijasahau Tanga, machicha meupe yakishuka kwenye sinia. Akakamua kwenye kifumbu, tui la kwanza kando, la pili na la tatu kwenye sufuria. Wali ule sitauelezea. Wateja wengine, vijana wa bodaboda, walisema una utamu mwingi, wakaagiza pilau.

Wiki tatu baadaye nilipita tena. Nazi zilikuwa zimepanda bei na pakiti ilikuwa imerudi jikoni. Mbuzi ya mama yangu ilikuwa chini ya mwarobaini, ulimi wa chuma umefungwa kitambaa usimkate mtu, na binti wa mama amekaa juu yake, ungo mapajani, anapepeta mlenda mkavu. Ubao ulikuwa na mstari mpya kwa chaki ya njano: UGALI WA UWELE, MLENDA KARANGA. Nikavuta kiti.